Karatasi za Alhamisi

Saa mbili kasoro, Jericho. Wanakwaya wamekwenda,
harufu ya mandazi imebaki kwenye mabenchi.
Nimetandaza karatasi juu ya meza ya katekista:
do, re, mi za mkono wa mtu nisiyemjua,
kopi ya kopi ya kopi,
hadi besi imekuwa vumbi la wino
na tunaiimba kwa kukumbuka tu.

Jumapili ya tano ya Kwaresima. Nyimbo tano.
Mtu angedhani ni kazi ya dakika kumi.

Muriithi kaniachia wake kwenye simu.
Nimeusikiliza mara mbili, nisimdhulumu.
Neno moja, mara arobaini, na ngoma chini yake
inayofanya kazi yote ya imani.
Ukiizima ngoma, neno linabaki limesimama
kama mgeni asiyekuja kupokewa stendi.
Nimeuweka kando. Atanuna.
Ana sauti, atarudi.

Halafu huu. Huu naupenda.
Kurasa sita. Tenori wanapanda hadi do ya juu,
besi wanawajibu kutoka shimoni,
na katikati pana mahali ambapo mwalimu
huinua mikono yote miwili
na kanisa zima humtazama mwalimu.
Nimeushika muda mrefu.
Dismas, nikajiuliza, zaburi iko wapi humu?
Ipo. Imefunikwa, lakini ipo,
kama jina la duka chini ya rangi mpya.
Nimeurudisha kwenye bahasha. Si unyenyekevu:
tenori wangu wawili wana mafua.

Mama Ayieko hukaa pembeni, safu ya alto.
Hajui kusoma noti hata moja,
huukamata wimbo kwa kumtazama jirani mdomoni.
Wiki ya tatu sasa tangu amzike Tobia kule Lang'ata,
na bado anakuja mazoezini, anafungua kinywa,
hakitoki kitu.
Sote tunajifanya hatujausikia ukimya huo.

Ni wimbo gani utakaombeba mtu huyu
bila kumwamuru afurahi?

Nimepekua bati la biskuti hadi chini.
Upo mmoja, mistari minne, zaburi ya vilindini.
Hauna pambo. Kila silabi ina noti yake,
na mkazo umekaa pale ulimi wetu unapouweka,
si kama zile zinazotulazimisha kumwita BwaNA
miaka yote hii, naye anaitika kwa huruma tu.
"Nakulilia" inapanda mahali ambapo
hata mtu akisema bila kuimba, sauti ingepanda.
Alto ni noti tatu.
Anayeweza kuguna anaweza kuuimba.

Ekai anagonga dirisha kwa rungu.
"Mwalimu, nifunge lango?"

Naandika ubaoni: Komunyo, wa vilindini. Bila kinanda.
Nafuta "bila kinanda".
Naandika tena.

"Ngoja kidogo," namwambia. "Bado matoleo."