Mikono Imefungwa Leso

Kocha Shebwana kanifunga mikono nyuma
kwa leso ya mamangu, mafundo mawili,
akanisimamisha langoni Tononoka, jua halijachomoza,
umande kwenye nyasi chache zilizobaki.
"Leo huna viganja, Badi. Una miguu na kinywa."

Mpira wa kwanza ukanipita.
Wa pili nikaubutua kwa hofu, ukaishia barabarani;
muuza mahamri akaurudisha akicheka.
Wa tatu nikautuliza. Kushoto au kulia?
"Tazama kabla haujafika! Ukishafika, umechelewa."

Miaka sita nimejifunza kuruka,
mbavu zangu zalijua kila kokoto la uwanja huu.
Nani aliwahi kunambia kipa hupiga pasi?

Nikaita: "Mselem, mgongoni kwako! Pandeni!"
Sauti ikanishtua,
kumbe ni ile ya baba akiita makuli bandarini.
Mabeki wakasogea. Mpira ukapenya katikati, chini kwa chini,
ukamfika Mselem mguuni.

Kocha hakusifu.
Alifungua leso, akaikung'uta vumbi,
akaikunja vizuri kuliko nilivyoileta.
"Mrudishie mamako. Na kesho umuombe tena."