Kwa Mhandisi, Kuhusu Mlango

Mhandisi, mchoro wako ulifika Bukasa
umelowa pembeni, lakini unasomeka.
Mashine ya matofali nayo ilifika, juu ya magunia ya sukari;
watu sita kuipandisha kilimani
na mmoja wa kuitukana.

Nilianza na udongo, kama ulivyoagiza.
Nikautia kwenye chupa ya maji, nikatikisa, nikauacha ulale.
Asubuhi mchanga ulikuwa chini, mfinyanzi juu,
na katikati ule ambao hatujaupa jina.
Nikafinya donge, nikaliachia toka begani:
likapasuka vipande vitano.
Nikajua tuna nyumba.

Mabeleshi kumi na tano ya udongo, moja la saruji.
Moja tu, maana mfuko wa saruji ukishavuka maji
unadai nauli yake na ya aliyeubeba.
Hatuchomi. Msitu uliobaki nyuma ya michikichi
hautoshi kupikia hata harusi moja.
Tunashindilia, tunafunika kwa majani ya migomba,
tunamwagilia siku saba.
Wapita njia wanauliza kitaota nini.

Nyumba ya tatu ni ya Ajiambo, mwanika dagaa.
Mwaka ule ziwa lilipopanda
lilimkuta usingizini. Halikupiga hodi.
Alichoamshwa nacho ni sufuria lililoelea
likigonga mguu wa kitanda.
Akatoa watoto, akarudia neti na redio.
Redio haijasema tena.

Basi akasimama mbele ya mchoro wako,
ameushika juu chini, akaweka kidole.
"Mlango ni huu?"
Ndio, nikasema, unatazama kilima.
Mhandisi ameupa mgongo upepo wa ziwa, mvua isiingie.
"Mhandisi amewahi kulala hapa?"
Nikajifanya natafuta pima maji.
"Mlango ukitazama kilima, ziwa likija nitalionaje?"

Nikamweleza mita kumi na mbili tulizopanda.
Nikamwonyesha mawe ya msingi, mtaro, alama nyekundu kwenye jabali.
Alinisikiliza kama mtu anayesikiliza bei.
"Ile alama ya kwanza," akasema, "ziwa liliisoma?"

Mhandisi, mimi ni fundi wa miaka kumi na tisa.
Nimeambiwa madirisha yakae wapi, choo kikae wapi,
na kibla kiko wapi.
Hakuna aliyewahi kuniambia
hofu yake iko upande gani.

Nikafungua ukuta wa ziwani, kozi nne.
Matofali haya yanafungana yenyewe, hayana udongo wa kuyashika,
yalitoka mazima yakaenda kuziba ukuta wa kilimani.
Mawili tu yalikatika pembe; watoto wanayakalia.
Mlango ukahama kama mpangaji asiye na vyombo.
Mbele yake nimerefusha paa hatua moja na nusu,
nguzo mbili za mkaratasi, mvua iishie hapo.
Bati lililoongezeka liko kwenye hesabu, nyuma ya karatasi hii.
Nguvu ni zangu, siku mbili. Hizo usiziandike.

Tumeezeka Jumanne. Jana mvua ikaja saa nane za usiku,
ile ya kulala, na upepo wake.
Nikachukua tochi nikapanda.
Tangi lilikuwa linajaa, sauti yake ikipanda taratibu.
Ukuta umelowa nje, ndani nikapitisha kiganja: mkavu.
Mlango ulikuwa wazi.
Ajiambo amekaa kizingitini, blanketi mabegani,
akilitazama ziwa katika kiza kile kisichoonyesha kitu,
kama mtu anayechunga ng'ombe wa jirani.
Nyuma yake watoto walikuwa wanakoroma.
"Zima tochi," akaniambia. "Inaniharibia macho."

Nyumba ya nne ni ya Ssebuguzi.
Yeye nimemuuliza kabla sijachimba.
Hataki kuliona kabisa.