Unyasi wa Wapi

Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka.
Wahenga walisema hivyo, wakanyamaza.
Hawakutaja ni unyasi wa wapi.

Bogumila Sroka, dereva wa tramu, mji wa Łódź,
miaka kumi na tisa ameshika mkono ule wa chuma:
mbele mwendo, nyuma breki.
Februari, theluji ikigeuka tope,
kwenye kona ya kiwanda cha nyuzi kilichofungwa
mvulana mwenye muziki masikioni akavuka reli.
Akapiga kengele. Akapiga tena.
Mvulana aliishi; mguu haukupona sawasawa.
Na kengele haikunyamaza:
ya mlango, ya baiskeli, ya altareni Jumapili,
kila ilipolia, kinywa kikamkauka.

Binti yake anaitwa Kinga.
Ni jina la kwao, la kale, si neno letu,
ila siwezi kuliandika bila kutabasamu,
kwani kazi ya Kinga ni kuwafundisha panya hofu.

Kisanduku cha kwanza: sakafu ya vyuma, harufu ya siki.
Mlio, kisha umeme kidogo nyayoni.
Mara tatu zatosha. Ya nne, mlio mtupu,
na panya anaganda hadi masharubu.
Kisanduku cha pili: sakafu laini, maganda ya chungwa.
Mlio, hakuna kitu. Mlio, hakuna kitu.
Siku ya nne mlio unalia naye anajilamba kwapa.
“Amesahau,” alisema mwanafunzi mgeni.
Kinga akamchota kwa viganja viwili,
akamrudisha penye siki.
Mlio.
Panya akawa jiwe.

Hakusahau kitu. Alijifunza jambo la pili,
akaliacha kwenye chumba cha machungwa
kama mtu aachavyo mwavuli.

Mama naye alikuwa na chumba chake:
pazia la kijani, biskuti kavu, mshauri mpole,
na kengele kwenye kinasa sauti, wiki kumi na mbili.
Mwishoni alikuwa akiisikiliza huku anatafuna.
Novemba akarudi kazini.
Kona ya kiwanda. Tope lile lile.
Akapiga kengele,
na mkono ukamfia juu ya chuma.
Abiria arobaini nyuma yake, mmoja akitukana.

“Wiki kumi na mbili, Kinga. Zimekwenda bure.”
Binti hamfananishi mama yake na panya kwenye simu.
Alinyamaza, akikumbuka picha za ubongo ukutani:
punje mbili, kama lozi, zinazopiga yowe bila kuuliza,
na jirani yao aliyejipinda kama kijifarasi cha baharini,
yeye kazi yake kuuliza tu:
Wapi? Lini? Ulikuwa na nani?
Akijibiwa “pazia la kijani,” lozi hutulia.
Akijibiwa “tope, kiwanda, Februari”...

Jumapili wakapanda tramu kama abiria,
mama na kengele ya baiskeli mfukoni mwa koti.
Kituo cha hospitali, akailiza.
Mbele ya makaburi, akailiza, watu wakageuka.
Jumapili ya ukungu. Jumapili ya mvua.
Jumapili moja hakushuka kitandani, na Kinga hakumlazimisha.
Kisha kwenye kona yenyewe, kwa miguu,
wamesimama, pua nyekundu, wakiiliza kama wendawazimu,
hadi mlinzi wa kiwanda akatoka kuuliza kuna nini.
“Tunajifunza,” alisema mama.

Sasa anaendesha tena.
Sitawadanganya: kwenye kona ile mate bado hukauka.
Hofu ya kwanza iko palepale, haijahama,
ila ya pili imeijua njia, nayo hufika,
siku nyingine ikichelewa.
Mfukoni mwa sare ana uzi wa kijani.
Aliuchomoa kwenye pazia la mshauri, siku ya kuaga,
bila kujua kwa nini.
Anaugusa.
Anapiga kengele.