Unga Kwenye Jiwe

Ng'ambo ya reli, kwenye makaburi ya weusi,
Luvenia Pettiford amekuja na unga wa ngano
na brashi ya viatu.
Anapaka jiwe, anapangusa,
unga unabaki ndani ya herufi:
P, E, T, kisha hapo kuvu imekula.

Mjini bendi inajaribu tarumbeta.
Saa sita meya atavuta kitambaa:
majina arobaini na moja, shaba mpya,
nyuma ya mahakama, karibu na maegesho,
maana mbele amesimama jenerali wa upande ule
na farasi wake ambaye hajawahi kushusha mguu.

Juzi karani alipiga simu:
"Mama, Pettiford ni neno moja au mawili?"
Miaka mia na sitini, ndipo wanauliza.

Mwenyewe hakujua kuandika.
Kwenye daftari la mshahara alichora msalaba;
mwezi walipompunja dola tatu
hakuchora kitu,
akarudi handakini na njaa yake
na bunduki aliyoisugua ikang'aa.

"Moja," alijibu. "Tena liandikeni kubwa."

Upepo unapeperusha unga.
Luvenia anapiga goti,
anachota konzi nyingine.