Paji la Shangazi

Shangazi Mbeleje kaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa,
uani kwetu Chang'ombe, saa nne, jua limeshachachamaa.
"Nichore upesi, zabibu zangu Hombolo hazinisubiri."

Nimeanza na macho. Macho ndiyo hukimbia kwanza.
Kisha shingo, kisha ule mkono
unaopepeta uwele hata ukiwa mtupu.
Kahawia ikaniishia shavuni.
Nikakoroga nyekundu na kijani, ikatoka tope.
Upepo ukaja na vumbi lake, likanata kwenye mafuta mabichi,
na hapo, bila ruhusa yangu,
ngozi ikawa ngozi.

Paji nililiacha safi.
Lile duara alilochanjwa utotoni
hulifunika kwa kitambaa akienda benki;
nilidhani namsitiri.

Akasogea. Akatazama kama mtu anayekagua risiti.
"Huyu nani?"
"Wewe, shangazi."
"Mimi? Na nyumbani kwetu umepaweka wapi?"

Akachovya kidole kwenye tope,
akajizungushia mwenyewe.
Likapinda kidogo upande wa kushoto.

Mnunuzi wa kwanza alisifu macho,
akagusa paji: "Hapa mkono uliteleza."
Nikaifunga picha kwenye kanga,
nikarudi nayo.