Kukunja Shuka

Chumba cha kufulia cha hospitali ya Castellón
hakina dirisha. Mvuke ndiyo hali yetu ya hewa.
Mimi na mashine ya pasi, na mbele yangu wawili:
Encarna wa hapa hapa, Smaranda wa Bacău,
kila mmoja na pembe mbili za shuka moja.
Wanasogeleana, vidole vinagusana,
wanarudi nyuma. Wanasogeleana tena.
Shuka mia nne kwa zamu, na gumzo halikatwi mshahara.

Mpwa wa Encarna, msomi asiye na kazi,
ndiye aliyetuletea habari hii pamoja na mkate wa mayai:
Warumi walikuwa na neno *plicare*, kukunja.
Baharia akikunja tanga, amefika;
basi Encarna husema *llegar*,
nami, Mreno, *chegar*, na sote tumefika.
Askari akikunja hema, huyoo, ameshakwenda;
basi Smaranda husema *a pleca*, kuondoka.
"Babu mmoja," akasema, akitafuna, "na wajukuu hawaamkiani."
Tukacheka. Tangu siku hiyo Encarna, kila jioni,
akawa anamuaga Smaranda kwa kumkaribisha.

Alhamisi, simu ikatetemeka mfukoni mwa aproni.
Kaka yake. Maneno matatu: *Mama a plecat.*

Mama alikuwa aje na basi la Jumamosi,
siku mbili na nusu njiani, kwa mapafu yake yale.
Kitanda kilikwisha tandikwa, foronya ya maua.
Encarna akachungulia, akalitambua lile neno,
akapiga makofi: "Amefika!"

Smaranda hakujibu.
Kwao, aliyeondoka huenda amewahi basi la mapema,
na huenda amefunga virago vya mwisho.
Kitenzi ni kile kile,
na kaka yake si mtu wa kuongeza hata nukta.
Akapiga. Ikaita. Akapiga.

Nilizima mashine. Nilitaka kusema kitu,
nikakuta neno langu linajua kufika tu.

Encarna, uso umemshuka, akaokota pembe zake mbili,
akazishika juu, akangoja.
Shuka la hospitali halikunjwi na mtu mmoja.
Smaranda akailaza simu juu ya kikapu, kioo juu,
akashika zake.
Wakasogeleana.
Safari hii hawakurudi nyuma haraka,
na simu, pale kikapuni, ikawaka.