Dakika Tano

Mhandisi Ndeshukurwa alileta grafu za chemchemi ya Njoro,
miaka kumi na miwili ya maji kushuka.
"Dakika tano, dada," alisema Mstahiki Meya,
akikoroga chai.

Akaeleza: mita sasa zinasoma kila saa,
sheria zetu bado zinapima kwa ufito.
Diwani mmoja akauliza posho.
Mwingine: "Hizo mashine si zitatufukuza kazi?"
Wakacheka, na mimi karani nikacheka.

Sheria ndogo ya visima ikapita kabla ya wali.
Kwenye muhtasari nimeandika: mtaalamu alisikilizwa.

Ngazini, Meya kamvuta pembeni,
sauti imelegea:
"Mtaalamu, simu imenigomea. Nimesahau namba ya siri."

Akaishika, akaipangusa mafuta ya sambusa,
akaanza taratibu.
Hakuna aliyetazama saa.